Mlango wa Mamba Muntu

Juzi nilimpokonya binti yangu simu kwa hasira hadi nikajishangaa mwenyewe. Hakuwa na kosa. Alikuwa amelala kifudifudi sebuleni akicheza mchezo wa nguva, mmoja wa hii michezo ya bure ambayo kila baada ya dakika mbili inakulazimisha kutazama tangazo la sabuni. Nguva wake ana mkia wa waridi na taji, na kazi yake ni kukusanya lulu. Mtoto alifika mahali ambapo nguva yule alinyoosha mkono na kuomba moyo mmoja kati ya mitatu iliyokuwa juu ya kioo, ili sanduku lifunguke. Kidole cha mwanangu kilikuwa tayari kinakwenda. Nikapiga ukelele, "Usimpe!", mpaka jirani akauliza dirishani kama kuna nyoka.

Hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na jambo langu la zamani, na kwa kuwa sijui kukaa nalo kimya wala sijawahi kulisema vizuri kwa mdomo, naliandika.

Tulikuwa tunakaa Kampemba, Lubumbashi, watu wanne: baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Baba alikuwa fundi umeme katika karakana ya kampuni ya mgodi. Kampuni ilikuwa inakufa polepole, mbele ya macho yetu. Kwanza lilikatika basi la wafanyakazi, kisha mgao wa unga, mwisho mshahara wenyewe. King'ora cha asubuhi tu ndicho kiliendelea kulia. Wanaume waliamka, wakaenda, wakakaa juu ya mitungi mitupu ya gesi wakizungumza, wakarudi. Walimu nao waliacha kufundisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na miguu isiyotulia, nikishinda nazunguka ua kutoka bomba hadi jiko na kutoka jiko hadi bomba. Mama alikuwa akiniambia nitachimba mtaro.

Kompyuta iliingia nyumbani kwa njia hii. Miaka michache kabla ya hapo, wanajeshi walipopora mji, mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi na baba aliamua kuondoka nchini, na akawaambia mafundi wake wachukue chochote watakachoweza kubeba kutoka nyumbani kwake. Mmoja alibeba friji. Mwingine alibeba godoro la watu wawili kichwani, mchana kweupe. Baba alibeba kompyuta, kwa sababu ilikuwa imeharibika, naye alikuwa hawezi kupita kitu kilichoharibika akakiacha. Mama alilia kwa ajili ya lile friji. Baba akaifungua ile kompyuta juu ya meza ya kulia, akaichokonoa wiki tatu, na siku moja ikawaka.

Ndani yake kulikuwa na disketi moja tu, na kwenye disketi mchezo mmoja tu. Unakuwa na wapiga mbizi watatu. Mmoja anazama, wawili wanasubiri pembeni juu ya kioo. Unamwongoza kwa vishale kati ya mawe na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, unaokota konokono, unashuka. Maandishi yalikuwa ya Kiflamandi, lugha ya yule mhandisi, na hakuna aliyeyajua. Tulicheza kwa macho.

Baba aliiweka kompyuta ukutani sebuleni, chini ya msumari. Ni lazima nieleze msumari huo. Zamani, kabla mama hajaingia kwenye kikundi cha maombi, msumari ule ulikuwa umebeba picha ya Mamba Muntu, kama sebule nyingi za Lubumbashi za wakati ule. Mwanamke mzuri, nywele ndefu hadi kiunoni, saa mkononi, na kuanzia kitovuni ni samaki. Kila mtoto alijua habari zake. Anakaa mtoni. Ukiokota chanuo chake, atakufuata usingizini kukiomba, na atakupa mali kwa masharti: umpe mtu mmoja wa nyumbani kwako. Mtaani, mtu akinunua gari ghafla na mwaka huohuo akazika, watu walitazamana tu. Mama alipookoka aliishusha picha ile na kuitia motoni kupikia maharage. Msumari haukung'oka.

Basi siku ile tulipofika chini kabisa ya bahari ya kwenye kompyuta, tukakuta mlango wa mawe, na mbele ya mlango ameketi mwanamke mwenye mkia, anachana nywele. Mama alikuwa anapita na sufuria. Alisimama.

"Ile ya rangi nilishusha," akamwambia baba. "Sasa umeniletea ya courant?" Kwetu umeme huitwa courant.

"Mama batoto, hii iko mashini tu," baba akajibu, akicheka. "Haina hata harufu ya samaki."

Mama aliifunika kompyuta kwa kitenge tangu siku ile. Kila tulipotaka kucheza ilitubidi kukifunua, na kila tulipomaliza kukirudisha, la sivyo hakuna chakula.

Kulikuwa na sheria nyingine, ya baba. Wapiga mbizi lazima wawe na majina, na majina ni ya watu wa nyumbani. Aliona tunawachezea ovyo, tunawapeleka kwenye midomo ya mikunga kwa kucheka, na jambo hilo lilimkera. "Ukimupa jina, utamuchunga," alisema. Anayecheza hajihesabu, kwa kuwa yeye ndiye yuko nje akiwalinda. Wangu walikuwa baba, mama na mdogo wangu, kwa mpangilio huo. Wa baba walikuwa mama, mimi na mdogo wangu. Disketi iliyakumbuka yote; ukiwasha mashine, kioo kilionyesha wachezaji wawili kando kwa kando, kila mmoja na watu wake watatu wamesimama.

Na sheria ilifanya kazi. Mkunga akimuuma mama, ungesikia nyumba nzima inapiga kelele. Tena haikuwa msiba. Mpiga mbizi aliyeumwa alitoweka, lakini ukiokota konokono watano alirudi. Tuliwaua na kuwafufua mara kumi kwa siku.

Kwenye mlango ilikuwa tofauti. Ukimkaribia yule mwanamke aliacha kuchana nywele, akanyoosha mkono, na mpiga mbizi wa kwanza akaanza kuwakawaka. Hakukuwa na haja ya kujua Kiflamandi. Mtoto yeyote wa mji wetu angeelewa anachotaka. Ulibonyeza kitufe kikubwa kumpa, au uligeuka na kupanda juu.

Baba aligeuka siku zote. Alikuwa mchezaji mzuri kuliko sisi, vidole vyake vilikuwa vimezoea nyaya nyembamba, alifika mlangoni bila kuumwa hata mara moja. Akifika alisimama pale, akamtazama yule mwanamke, kisha akapanda juu kuokota konokono asiowahitaji. Nilikuwa karibu kupasuka.

"Baba, weye unaogopa mwanamuke ya samaki?"

"Courant itaenda sasa hivi, mama. Tufunge."

Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Umeme haukuwa unakwenda popote, yeye ndiye aliyekuwa akijua nyaya za mtaa mzima. Nilimwona mwoga tu. Nasema wazi kwamba nilimdharau kidogo, kama watoto wanavyodharau wazazi kwa mambo madogo wakati makubwa hawayaoni.

Mwishowe nilimbana, akaahidi. Jumapili, tukitoka kanisani, tutapita mlango pamoja, mimi na yeye, tuone mbele kuna nini. Nilihesabu siku. Kila asubuhi nilikuwa nafunua kitenge na kukirudisha.

Wakati huo unga ulikuwa umekwisha nyumbani, na mjini uvumi ulikuwa mwingi kuliko chakula. Wakombozi, wale waasi kutoka mashariki, wanakuja. Wako mbali, wako karibu. Samaki waliotoka Kasenga kwa malori waliacha kufika sokoni, na wanawake wakasema hiyo ndiyo habari ya kweli kuliko ya redio. Baba alikuwa na njia yake ya kutafuta unga: alidandia lori hadi Kasumbalesa, mpakani, ambako malori yalipanga foleni kwa siku nyingi yakisubiri forodha, na betri zikafa hapohapo. Yeye alitembea kutoka lori hadi lori na bisibisi yake ya kupimia umeme, akitengeneza taa na dainamo, na madereva wakamlipa unga wa Zambia. Alikuwa akikaa siku mbili, anarudi na mfuko.

Jumamosi dereva mmoja wa jirani alikuja kumwambia anaondoka kesho alfajiri, na huenda ikawa safari ya mwisho kabla barabara haijafungwa. Baba akakubali.

"Na mlango?" nikamuuliza.

"Mlango hautakimbia, mama. Jumanne niko hapa."

Sikumuaga. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Asubuhi alisimama kwenye mlango wa chumba chetu akaniita mara mbili, nami nikajifunika shuka, macho wazi. Nikasikia lori linanguruma kwenye kona, likaondoka. Mama akatoka na mdogo wangu kwenda kanisani, mimi nikasema tumbo linauma. Nikafunua kitenge.

Nilishuka haraka, kwa hasira, bila kukwepa kitu, na hakuna mkunga aliyenigusa. Mwanamke akaacha kuchana nywele. Akanyoosha mkono. Mpiga mbizi wa kwanza akaanza kuwakawaka, na wa kwanza alikuwa baba. Nilijua ni baba. Nikasema kwa sauti, katika sebule isiyo na mtu, "Mubebe basi," nikabonyeza.

Alikwenda kwake bila fujo, akashikwa mkono, wakaingia pamoja nyuma ya jiwe. Chanuo kikabaki mchangani na mlango ukafunguka. Nikampitisha mama, akakiokota, na ndani kulikuwa na maji. Nikaenda kulia, maji. Kushoto, maji ya buluu, bila jiwe, bila konokono hata mmoja. Nilipogeuka, mlango ulikuwa umefungwa. Leo naelewa kwamba mchezo ule ulikuwa na disketi ya pili, na ilibaki kwa mhandisi au ilitupwa na waporaji. Wakati ule nilielewa jambo moja tu: hakuna konokono, kwa hiyo hakuna wa kumrudisha baba.

Jumanne hakurudi. Jumatano mama alikwenda kwa mke wa dereva. Dereva naye hakuwa amefika.

Sitaki kujifanya nilikuwa mjinga. Nilijua mashine ni mashine. Nilikuwa nimemsaidia baba kushika waya wakati anaitengeneza. Lakini nilijua pia kwamba nilikuwa nimeulizwa, na nilikuwa nimejibu. Mkunga akimuuma mtu, hiyo ni ajali. Hapa nilimtoa mimi mwenyewe, kwa jina lake, kwa mkono wangu. Ningeweza kufuta yote nikaanza upya na kupewa watatu wengine, na mara mbili nilikaribia kufanya hivyo. Nikaogopa. Nilijiambia huyo angekuwa baba mwingine, wangu angebaki nyuma ya lile jiwe.

Kwa hiyo niliogelea. Siku nzima, nikimwongoza yule mpiga mbizi niliyempa jina la mama katika maji matupu, nikitafuta mwanamke nimrudishie chanuo chake. Mdogo wangu alikaa pembeni akitafuna kucha. Alhamisi umeme ulikatika, na aliyejua kuurudisha hakuwepo.

Sikuweza kukaa. Nilizunguka ua hadi mama akanifukuza, nikazunguka mtaa. Ijumaa nilichukua chanuo cha mama, kile cha mbao chenye meno mapana, nikaenda nacho kwenye kijito nyuma ya soko, kijito chenyewe kina maji ya kufikia kifundo cha mguu na magunzi ya mahindi. Nikakitupa. Nikamwambia yule mwanamke tulipane, chanuo kwa chanuo, anirudishie mtu wangu. Chanuo kilielea kidogo, kikanasa kwenye mfuko wa plastiki. Nikaingia na viatu nikakisukuma mpaka kikaenda.

"Nani alibeba chanuo yangu?" mama aliuliza siku tatu mfululizo. Hakuuliza mengine. Nadhani kile chanuo kilimsaidia, alikuwa na kitu cha kutafuta ambacho kingeweza kupatikana.

Ndipo wanajeshi wa serikali walipoanza kukimbia. Walipita mtaani kwetu mchana wakivua sare huku wanatembea, wakibisha hodi kuomba suruali za kiraia. Tulijifungia chumba cha nyuma, mama nywele zimesimama chini ya kitambaa kwa kukosa chanuo, mdogo wangu kati yetu. Milio ya risasi ilitokea upande wa uwanja wa ndege, ikaja, ikaenda. Kisha kukawa kimya, na kesho yake watu wakatoka barabarani na matawi kuwashangilia vijana waliovaa buti za mpira, wengine wadogo kuliko mimi. Baada ya wiki chache nchi ingebadilishwa jina. Majirani waliimba. Mimi nilipita katikati yao nikitazama kila lori, na niliuchukia ule wimbo kwa moyo wangu wote.

Baba alirudi siku ya kumi na mbili tangu aondoke, saa sita mchana, kwa miguu. Mama alikuwa anamenya viazi. Baba aliingia uani bila mfuko, bila koti, amevaa ndala mbili zisizofanana, na miguu imevimba hadi vifundo havikuonekana. Bisibisi yake ilikuwa kwenye soksi. Mama aliendelea kumenya kiazi kilekile hadi kikaisha mkononi.

Jioni ile, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, alitusimulia. Lori lilikuwa limefika Kasumbalesa salama na lilikuwa linarudi. Njiani wakakuta kizuizi cha wanajeshi waliokuwa wanakimbilia mpakani, na gari lao limekufa. Mmoja wao akanyoosha mkono kwenye dirisha la dereva. "Mutuachie muntu moja wa kutengeneza motokari," akasema, "kiisha mupite." Dereva akamtazama baba. Baba alituambia dereva alikuwa analia, na kwamba ana watoto saba, kwa hiyo tusimchukie. Mti wa kizuizi ukainuliwa, lori likapita, baba akabaki; dereva aliporudi, kumbe, aliona haya kuja kutuambia. Walizunguka naye porini wakimlazimisha kutengeneza kila gari walilolipora, hadi siku moja akaamka akakuta wamekwisha kutawanyika.

Mdogo wangu akauliza kama walikuwa na bunduki kubwa. Mimi nilitoka nje nikaanza tena kuzunguka ua, bomba hadi jiko, jiko hadi bomba.

Umeme aliurudisha mwenyewe baada ya siku chache, akichechemea. Nilimsikia akifunua kitenge. Ningeweza kukimbia, nilikuwa hodari wa kukimbia, ila kwa mara ya kwanza katika majuma yote yale miguu yangu ilikataa. Nikasimama nyuma ya kiti chake. Kioo kikawaka. Upande wake, watu watatu wamesimama. Upande wangu, wawili.

Akawahesabu. Mpangilio wangu alikuwa anaujua.

"Ulipita," akasema.

"Nilipita, baba."

"Kule mbele kuko nini?"

Hakuuliza kwa hasira wala kwa mzaha. Alikuwa anauliza kwa kuwa hajui. Miaka yote ile alikuwa amesimama mbele ya ule mlango na kurudi, na sasa alitaka kuambiwa.

"Kuko mayi tu," nikamwambia. Machozi yalikuwa yananichuruzika hadi shingoni. "Baba, na weye, juu ya nini haukupitaka?"

Akanyoosha kidole, akagusa wale wa kwake juu ya kioo, mmoja mmoja.

"Huyu mama yako. Huyu weye. Huyu mutoto. Nilitafuta wa kumupa, sikumuona."

Kisha akazima mashine, akaniomba nimletee ndala zake.